Nani baba wa tunda hili? Elimu ya ADN na kazi ya wadudu katika maua



Wengi wetu tulikua karibu na mti wa avoka. Tunajua ginsi unavyokuwa wakati wa maua: matawi yote yanafunikwa, nyuki wanavuma tangu asubuhi, na maua yaliyoanguka yanaenea chini hata mwenye kufagia kiwanja anachoka. Kisha miezi inapita, na matunda tunayahesabu kwa vidole. Hapo kila mtu anatoa neno lake. Mmoja anasema mti umerogwa. Mwingine anashauri kuupiga shina kwa panga, ili uogope na kuzaa. Wa tatu anasema nyuki ndio wanaoharibu maua, afazali kuchoma mzinga wao.

Huyu wa tatu ana hatari kuliko wengine wote, na kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Tuanze na hesabu. Mti mkubwa wa avoka unaweza kufungua maua milioni moja katika majira moja. Katika maua 1000, mara nyingi hata moja halifiki kuwa tunda la kuvunwa. Kwa hiyo kuanguka kwa maua si uchawi wala si ugonjwa, ni desturi ya mti wenyewe. Swali la kweli ni hili: yale machache yanayobaki, yanabaki kwa sababu gani?

Ua la avoka lina tabia ya pekee. Ndani yake mna sehemu ya kike na sehemu ya kiume pamoja, lakini hazifanyi kazi saa moja. Ua linafunguka mara ya kwanza likiwa la kike: liko tayari kupokea unga, lakini unga wake lenyewe umefungwa bado. Baada ya saa chache linajifunga. Kesho yake linafunguka tena likiwa la kiume na kutoa unga, lakini mlango wa kike umekwisha kupita. Tena miti ya avoka imegawanyika jamaa mbili, zinazoitwa A na B. Jamaa A inafungua maua ya kike asubuhi, na ya kiume kesho yake baada ya saa sita mchana. Jamaa B inafanya kinyume: ya kike mchana, ya kiume kesho yake asubuhi. Aina iitwayo Hass, ambayo inauzwa kuliko zote duniani, ni ya jamaa A. Fuerte na Ettinger ni za jamaa B. Basi wanapeana zamu kama wafanyakazi wa mgodi: hawa wanapoingia, wale wanatoka, na mlangoni wanakutana.

Wakati wa baridi utaratibu huo unachafuka. Maua yanachelewa, ya kike na ya kiume yanaonekana pamoja katika mti mmoja, na ndiyo sababu mti uliopandwa peke yake unaweza hata hivyo kuzaa kidogo. Lakini katika kila hali unga wa avoka ni mzito na unanata. Upepo hauwezi kuufanyia kazi kubwa. Sharti mdudu auchukue.

Kule avoka ilikotoka, yaani Mexico na Guatemala, kazi hiyo ilifanywa na nyuki wadogo wasio na mwiba, pamoja na manyigu na inzi. Nyuki wa asali hakuwako kule. Alipelekwa na watu wa Bulaya. Kwetu mambo ni kinyume: nyuki wa asali ni mwenyeji wa Afrika tangu zamani, na avoka ndiye mgeni. Wamekutana hapa, na wamepatana.

Lakini tunajuaje kwamba wamepatana? Mtu anaweza kukaa chini ya mti siku nzima na saa na daftari, akihesabu nyuki kwenye maua. Wenye elimu wengi walifanya hivyo, na kazi yao haikuwa ya bure. Lakini jicho linaona tu kwamba nyuki ametua. Halioni alitoka mti gani kabla ya kutua. Halioni kama punje ya unga aliyoacha ndiyo iliyozaa, ama ni ile iliyoachwa na inzi dakika tano mbele yake. Tena tunda changa likianguka baada ya juma tatu, jicho haliwezi kusema kama lilianguka sababu ya baba yake. Hapa ndipo elimu nyingine inaanza, na mlango wake ulifunguliwa na mtawa.

Gregor Mendel alikuwa wa shirika la Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, katika inchi iitwayo leo Ucheki. Kati ya mwaka 1856 na 1863 alilima mbaazi katika bustani ya monasteri, karibu miche 28.000. Kazi yake ilikuwa ya subira: alifungua ua lisilokomaa, akatoa sehemu ya kiume na kibano kidogo, akapaka unga wa mche mwingine aliouchagua mwenyewe, kisha akalifunika ua na kifuko. Kwa nini kifuko? Kwa kuogopa wadudu. Katika maandiko yake alitaja kwa jina kidudu kimoja cha mbaazi, *Bruchus pisi*, kwamba kinaweza kuharibu ua na kuingiza unga wa mwingine. Mendel alijua vizuri: asipojua baba kwa hakika, hesabu yake yote ni bure. Alisoma kazi yake mbele ya wenzake mwaka 1865, ikapigwa chapa 1866, na watu wakaisahau mpaka mwaka 1900. Mafundisho yake tunayoyahitaji leo ni haya: kila mzazi anampa mtoto nusu moja, na nusu hizo hazichanganyiki kama maji na maziwa. Zinakaa pamoja, na kizazi cha nyuma zinaweza kutengana tena.

(Mendel alifuga nyuki pia. Na padri mwingine, Johann Dzierzon wa Silesia, aliandika mwaka 1845 kwamba nyuki dume anatoka katika yai lisilopata mbegu ya kiume, yaani hana baba. Walimcheka, lakini alisema kweli. Mdudu anayewatafutia maua baba, ndugu zake wa kiume hawana baba kabisa!)

Leo tunajua kwamba nusu hizo zimeandikwa katika ADN, ule uzi mwembamba ulio ndani ya kila seli ya kiumbe. Mti una uzi wake wa namna mbili, mmoja wa mama na mmoja wa baba. Punje ya unga wa ua inabeba nusu tu.

Sasa tazama avoka ginsi inavyofaa kwa kazi hii. Tunda moja lina mbegu moja tu. Ganda na nyama tunayokula ni mwili wa mama, hakuna kitu cha baba ndani yao. Mtoto amelala ndani ya mbegu. Basi ukitaka kumjua mama, kata kipande cha jani ama cha ganda. Ukitaka kumjua baba, kata kipande cha mbegu, utoe yaliyo ya mama, na yanayobaki ni ya baba.

Namna ya kusoma ni hii. Katika uzi wa ADN kuna pahali ambapo herufi chache zinarudiwarudiwa, kama mtoto anayejifunza kusoma: ba-ba-ba-ba. Pahali hapo panaitwa mikrosateliti. Mti mmoja unarudia mara 12, mwingine mara 19. Hesabu hiyo inarithiwa. Kwa kuwa ADN ya kipande kidogo cha mbegu ni chache mno, kwanza inazidishwa katika mashini, mara mamilioni, kwa njia aliyoivumbua Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983. Kisha urefu wa vipande unapimwa.

Tuchukue mfano, nauunga mwenyewe ili tuelewe. Mti wetu, mama, una 12 na 15 pahali pa kwanza. Mbegu yake ina 12 na 19. Basi 12 ni ya mama, na 19 ni ya baba. Kwanza tunajua mti haukujizalisha wenyewe, maana hauna 19. Kuna miti mitatu karibu. Mti wa njiani una 15 na 17: si yeye. Mti wa kisimani una 19 na 20: labda. Mti wa kanisani una 12 na 19: labda naye. Tunakwenda pahali pa pili. Mama ana 8 na 8, mbegu ina 8 na 11, kwa hiyo baba ametoa 11. Mti wa kisimani una 9 na 10, anatoka. Mti wa kanisani una 9 na 11. Ndiye. Wenye elimu hawatosheki na pahali pawili. Wanasoma nyingi zaidi, maana miti miwili inaweza kufanana pahali pamoja kwa bahati tu. Lakini njia ni hiyo, na inafanana na ile ya wanadamu. Mwaka 1985 katika Uingereza, Alec Jeffreys alitumia ADN kuonyesha kwamba kijana mmoja aliyetoka Ghana alikuwa kweli mtoto wa mama yake, na serikali iliyomkatalia ikamruhusu kukaa.

Kuna mtego mmoja ambao hata walimu wa kilimo wanausahau. Mti wa Hass haupandwi kwa mbegu, unapandikizwa: kijiti cha Hass kinafungwa juu ya shina la mche mwingine. Kwa hiyo miti yote ya Hass duniani ni mti mmoja uliogawanywa, ule uliopandwa katika California na mtu wa posta, Rudolph Hass, ambaye alipata hati ya mti wake mwaka 1935. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002, lakini viungo vyake viko katika inchi nyingi. Basi mkulima mwenye miti 200 ya Hass anafikiri ana miti 200. Kwa hesabu ya ubaba ana mti mmoja. Nyuki akitoka Hass hii na kwenda Hass ile, mti umejizalisha wenyewe. Ndiyo sababu ADN haiwezi kusema ni Hass gani kati ya hizo 200 iliyotoa unga.

Na matokeo? Hapa sharti tuende polepole, maana wenye elimu hawakupatana wote. Katika Israeli, Degani na Gazit na wenzao walianza miaka ya 1980, kabla ADN haijawa rahisi kusoma. Walitumia tofauti za enzimu, ambazo zinarithiwa vilevile. Walichukua matunda ya Hass machanga na matunda yaliyokomaa kutoka mashamba yaliyopandwa Ettinger karibu. Wakaona kwamba katika matunda machanga mengi yalikuwa yamejizalisha, lakini kadiri wakati ulivyopita sehemu ya matunda yenye baba mgeni iliongezeka. Maana yake ni nini? Tunda haliwezi kubadili baba njiani. Ni kwamba mti ulikuwa ukiangusha watoto wake wa peke yake na kuwashika wale wa Ettinger. Neno hili linajibu swali letu la mwanzo: maua yanayobaki si yale yenye bahati tu, mti wenyewe unachagua.

Lakini katika California wengine walipima kwa ADN na kutoa kazi yao mwaka 2000. Waliona kwamba kweli mti ulio karibu na baba mgeni unapata watoto wake wengi zaidi, lakini hawakuona wazi kwamba mti wenye watoto wengi wa mgeni unazaa kilo nyingi kuliko jirani yake. Mimi sioni kwamba hawa wanawaumbua wale. Mahali pa joto na mahali pa baridi ya bahari havifanani, na mti una mambo mengine yanayoushika mkono: maji, mbolea, uchovu wa mwaka uliotangulia. Lakini ni kweli kwamba mtu akiahidi mavuno mara mbili kwa kupanda Fuerte mmoja kati ya Hass, anaahidi zaidi ya alivyo nayo.

Kuna njia ya pili, inayoanza na mdudu badala ya tunda. Wanamshika nyuki ama inzi juu ya ua, wanamwosha katika maji ya dawa, na ule unga ulioshuka wanasoma ADN yake pahali ambapo kila jamaa ya mimea ina maandiko yake. Kisha wanalinganisha na maktaba ya ADN za mimea inayojulikana. Hapo tunasikia safari yote ya mdudu: alipita katika avoka, katika mikalitusi, katika majani ya shambani. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mikroskopi na macho ya mtaalamu mmoja ambaye aliweza kutofautisha punje na punje, na wataalamu hao ni wachache. Walakini njia hii ina kasoro mbili. Wingi wa ADN hauonyeshi vizuri wingi wa punje. Na maktaba hizo zina mapengo makubwa kwa mimea ya Afrika. Mmea usioandikwa hauwezi kutambuliwa, hata nyuki akija ameujaa mwili mzima.

Mwaka 2019 Wadenmarki wawili, Thomsen na Sigsgaard, walifanya kinyume kabisa: hawakumshika mdudu, walichuma ua. Walitafuta ADN ambayo wageni waliiacha juu yake, kama vile unavyojua nani aliingia nyumbani kwa kuona nyayo. Katika maua machache ya porini walipata alama za aina zaidi ya 100 za wadudu na jamaa zao. Si wote walioleta unga. Wengine walikuja kula, wengine kuwinda walaji. Lakini mdudu wa usiku, ambaye hakuna mwanafunzi mwenye daftari anayemngoja, naye anaandikwa.

Nimesema sana juu ya avoka. Lakini sisi Wakongo tuna tunda lingine, na juu yake historia hii imeandikwa katika inchi yetu wenyewe. Ni ngazi.

Kuna mingazi ya namna tatu. Ya kwanza inaitwa dura: kokwa yake ina ganda nene, mafuta kidogo. Ya pili ni tenera: ganda jembamba lenye duara ya nyuzi nyeusi, nyama nyingi, na mafuta kupita dura kadiri ya sehemu 30 juu ya 100. Ya tatu ni pisifera: haina ganda, lakini mara nyingi mti wake wa kike ni tasa. Zamani watu walifikiri ni jamaa tatu mbalimbali. Mwaka 1941, katika kituo cha Yangambi, karibu na mto, upande wa chini wa Kisangani, Beirnaert na Vanderweyen walitoa jibu kwa hesabu ileile ya Mendel: tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Kitu kimoja tu kinachorithiwa ndicho kinachotawala ganda. Dura ikipata unga wa pisifera, watoto wote ni tenera. Kutoka Yangambi neno hilo liligeuza mashamba ya mingazi duniani kote.

Na unga huo nani anauchukua? Katika Asia watu walifikiri ni upepo. Mingazi ya kwanza ya kule, miche minne, ilipandwa Bogor, katika Indonesia, mwaka 1848. Walichukua mti, wakaacha mdudu wake Afrika. Kwa sababu hiyo wenye mashamba wa Malaysia walilipa wafanyakazi kupaka unga kwa mkono, mti kwa mti. Kisha mtaalamu wa wadudu R. A. Syed alikwenda Kameruni, akaona kidudu kidogo chenye pua ndefu, *Elaeidobius kamerunicus*, ambacho kinazaa katika maua ya kiume yaliyokwisha. Ua la kike halina chakula kwake, lakini linatoa harufu ileile. Kidudu kinadanganyika, kinaingia na unga wote mwilini. Kilipelekwa Malaysia na kufunguliwa mwaka 1981, na kazi ya mkono ikaachwa. Mti ulikuwa umengoja mdudu wake miaka 133.

Lakini kidudu hicho kinachojaza mikungu ndicho kinachomharibia kazi mtengeneza mbegu. Yeye, kama Mendel, anafunga ua la dura katika mfuko na kutia unga wa pisifera. Kidudu kimoja kikipenya na unga wa dura, mbegu zinazotoka ni dura. Mkulima anazinunua kwa bei ya tenera, anapalilia miaka mitatu ama minne, na siku ya mkungu wa kwanza anakata ngazi na kuona ganda nene. Mwaka 2013 wenye elimu wa Malaysia na Marekani walipata jeni lenyewe la ganda. Tangu hapo kipande cha jani la mche mdogo kinatosha kujua. Walipopima miche na miti katika Malaysia, karibu mmoja katika kumi haukuwa tenera. Malaysia ni inchi yenye utaratibu na vituo vikubwa vya mbegu, na hata hivyo kidudu kilipita.

Kwetu wengi hawanunui mbegu. Mzee anachagua mngazi wake mzuri, tenera yenye nyama nene, anaokota kokwa chini yake na kupanda. Anafanya kwa akili njema: mama mzuri, watoto wazuri. Lakini mama alijulikana, baba aliletwa na mdudu. Ikiwa mdudu alitoka katika dura za msituni, kati ya miche 100 karibu 50 itakuwa dura. Ikiwa alitoka katika tenera nyingine, 25 itakuwa dura na 25 pisifera, ambayo itapanda juu na majani mazuri, na mkungu wake utaoza bila ngazi. Mzee atasema udongo umechoka. Hakuna aliyemwambia kuangalia miti inayozunguka ule wake, kabla ya kuokota.